Mstari wa Miti Pale Mulanda

Siku nilipokabidhi funguo za stoo, mkufunzi kijana aliyechukua nafasi yangu alipanga vifaa vyote juu ya meza na kuniuliza kazi ya kila kimoja. Filimbi nikamweleza. Kalamu nono za kuandikia kwenye karatasi kubwa nikamweleza. Alipofika kwenye kamba ya manila iliyoviringishwa kwenye kijiti, nilisita, nikasema hiyo ina habari ndefu. Akaniambia, basi iandike. Nimeiandika, na nyingine kadhaa zilizoitangulia. Imekuwa ndefu kuliko kamba yenyewe, lakini ninyi mliobaki chuoni mnanijua.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Nilipanda cheo kwa nadra kiasi kwamba mke wangu hakuwahi kulazimika kubadilisha namna anavyonitambulisha kanisani.

Kwa msomaji asiyetufahamu, kazi yetu ilikuwa hii. Tulichukua vijana wa chuo kutoka pande zote mbili za mpaka, tukawafundisha kuongoza watu wa vijijini kurekebisha mambo yao wenyewe: chemchemi iliyochafuka, kinamasi kilicholimwa hadi kikakauka, taka za sokoni, wasichana walioacha shule. Kanuni ilikuwa moja. Mwanafunzi hafanyi kazi ya watu. Anawasaidia watu waifanye wenyewe, kwa namna yao. Kanuni hiyo niliiandika ubaoni kila mwaka kwa mwandiko mzuri sana. Kuitii ndiko kulikonishinda.

Sikusomea kazi hii. Nilikuwa karani wa ofisi ndogo ya kutoa mizigo forodhani Busia, upande wa Kenya, na kazi ya karani wa aina hiyo ni kusubiri. Dereva anasubiri mhuri, mwenye mali anasubiri dereva, karani anawasubiri wote wawili. Mimi nilisubiri nikisoma. Vitabu vya mitumba viliuzwa juu ya gunia sokoni, kando ya viatu, kwa bei iliyotegemea uzito wake kuliko maneno yake. Nilinunua kitabu cha upandaji miti kisicho na jalada, kingine cha udongo, na nusu ya kitabu cha saikolojia. Ilikuwa nusu ya mwisho, kwa hiyo mpaka leo najua tiba za matatizo nisiyoyafahamu.

Hapo ndipo aliponikuta Madamu Taaka, mratibu wa mafunzo chuoni, Msamia wa Dabani, mama mnene wa miwani ambaye hakupenda kurudia swali. Alikuwa amekuja kufuatilia sanduku la vifaa vya kupimia maji.

"Unasoma nini?" akaniuliza.

"Mmomonyoko wa udongo, Madamu."

"Una shamba?"

"Sina."

"Sasa wa nini?"

"Lori halijafika."

Alitazama kopo la penseli zangu mezani, zote zimechongwa urefu sawa, akatikisa kichwa. Baadaye aliniambia kwamba aliniajiri kwa sababu ya penseli, na kwamba ilimchukua miaka kujisamehe.

Siku ya kwanza uwandani tulikwenda nyumbani kwao Madamu Taaka, Dabani. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilikuwa na karatasi kubwa yenye kichwa "Malengo ya Jamii", na chini yake visanduku vitupu ambavyo jamii ingevijaza. Wanafunzi wa Uganda walikuja na Kiswahili chao chepesi cha sokoni, wale wa Kenya na Sheng yao, nami nikaja na Kiswahili cha vitabuni ambacho hakuna aliyekihitaji. Tulipofika kwenye boma, Madamu Taaka aliketi mkekani pamoja na akina mama waliokuwa wakibambua karanga, akachukua bakuli, akaanza kubambua. Mimi niliona huo ni upotezaji wa muda. Nilitafuta mahali pa kubandika karatasi yangu, nikaona ukuta mzuri, laini, wa rangi ya kahawia, nikaibandika kwa masikingi tepu, nyingi, kwa sababu upepo ulikuwa mkali.

Ukuta ule ulikuwa umekandikwa upya asubuhi ileile. Kulikuwa na wageni wa posa waliotarajiwa siku ya pili yake. Nilipomaliza somo na kubandua karatasi, ilikuja na ukuta.

Mwenye nyumba alisimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Mwalimu," alisema, "karatasi umekuja nayo. Na ukuta pia umekuja nayo?"

Wanafunzi walicheka wakalala chini. Jioni, tukiwa njiani kurudi, Madamu Taaka alitaja majina ya kaya zilizogombana kuhusu kisima, sababu ya ugomvi, na binti gani anajua kusoma vizuri lakini ameacha shule. Yote aliyapata kwenye karanga. Kisha akanigeukia.

"Barasa, leo umewafundisha nini?"

"Malengo, Madamu."

"Na wao wamekufundisha nini?"

"Kukandika."

Kweli nilikuwa na udongo na kinyesi cha ng'ombe mpaka kwenye viwiko. Ule ukuta ndio mradi wa kwanza wa maendeleo niliowahi kuukamilisha, na nasikia bado umesimama.

Aliniwekea sharti tangu siku hiyo: ukifika boma la mtu, shika kazi wanayoifanya kabla hujataja ya kwako. Nilishika. Nimechambua maharage Masaba, nimeshikilia ng'ombe wakichomwa sindano, nimeanika mihogo juu ya mwamba kwa mistari iliyonyooka hata wenye mihogo wakaniuliza kama nilikuwa askari. Tatizo langu lilikuwa kwamba, nikishaishika kazi ya watu, nilianza kuipanga upya. Kushika na kuchukua vilikaribiana sana mikononi mwangu.

Mengine yalikuwa madogo. Kuna mwaka tuliendesha kampeni ya mifuko ya plastiki na wanafunzi, sokoni upande wa Uganda, ambako mfuko huo wanauita kaveera na unapeperuka hadi kwenye matawi ya miti kama maua. Nilihutubia kwa kipaza sauti mpaka nikakauka koo. Jioni nilivuka kurudi nyumbani, na afisa wa upande wetu, ambako mfuko huo ni marufuku, akaniomba kwa adabu nifungue begi. Ndani kulikuwa na chapati zangu za mchana, ndani ya kaveera. Nilikuwa bado nimevaa fulana ya kampeni. Afisa aliyasoma maandishi yake yote, mbele na nyuma, kwa sauti. Kisha akanipa chapati mkononi, akabaki na mfuko, akanitakia jioni njema. Mwanafunzi wangu Wafula, kijana wa Busia ambaye hakukosa kuwapo mahali popote nilipoaibika, alisema, "Mwalimu, hiyo imeenda," yaani haizuiliki tena, na kesho yake darasa zima lilijua.

Hayo yote ni mepesi. La Mulanda halikuwa jepesi, kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye angepoteza shamba.

Mwanafunzi aliyehusika aliitwa Athieno, Mjopadhola wa kijiji cha jirani na Mulanda, upande wa Uganda, mdogo wa umbo, mtu wa maneno machache. Mradi wake wa kumalizia masomo ulikuwa chemchemi moja chini ya mteremko. Ng'ombe waliingia ndani ya maji, mvua ikateremsha udongo kutoka mashambani, na akina mama wakachota tope. Kwa muhula mzima Athieno alikwenda kule kila wiki, akachota maji na kina mama, akaketi nao, hakubandika chochote popote. Mwishowe watu wenyewe wakapanga: ng'ombe wachimbiwe birika lao kando, na juu ya chemchemi ipandwe misizi, miti ya kienyeji isiyonyonya maji kama mikaratusi. Wakachagua siku. Mimi nilikwenda kama msimamizi wake. Kazi yangu ilikuwa kutazama na kutoa maksi.

Siku yenyewe, asubuhi, kukatokea mazishi kijiji cha pili, na watu wote wakaenda. Tulibaki pale wanafunzi, mimi, na miche iliyoanza kulegea juani.

"Mwalimu, tungoje," Athieno alisema. "Wamesema wakitoka mazishini wanakuja."

"Miche haiwezi kungoja mazishi," nikamwambia.

"Tuiweke kivulini. Tuimwagilie."

Lilikuwa jibu sahihi, na ningempa maksi zote kama lingekuwa swali la mtihani. Lakini nilikuwa na kamba kwenye begi. Nilikuwa nimesoma katika kile kitabu kisicho na jalada kwamba miti hupandwa kwa mstari, kwa nafasi sawa, na nilikuwa sijawahi kupata nafasi ya kuonyesha jambo hilo kwenye mteremko. Nikapiga kigingi cha kwanza.

Mwanakijiji mmoja tu alikuwapo, mzee aliyeitwa Obbo, wa gambuti na kofia ya sufu. Alisema hakuwa na undugu na marehemu. Alishika ncha ya pili ya kamba bila kuombwa. Aliivuta, akaitazama, akasogea hatua chache upande wa bondeni palipokuwa na shamba la nduma, yaani magimbi, akavuta tena, akatazama tena, akasogea tena.

"Hapa," alisema. "Hapa ndio kamba nakaa vizuri."

Nikawaambia wanafunzi, tazameni, huyu ndiye mwanajamii makini, anajali mpangilio. Tukapanda mstari mmoja mrefu, umenyooka kama ukingo wa rula, kutoka juu ya mteremko hadi karibu na maji. Obbo akachinja jogoo. Tuliketi nyumbani kwake, tukala, nami nikapewa firigisi, kipande anachopewa mgeni wa heshima. Nikaila kwa furaha nyingi. Watu waliporudi kutoka mazishini walitukuta tumemaliza. Walisimama juu ya mteremko wakautazama mstari. Nilidhani wameuona uzuri wake. Athieno hakula.

Katika wiki zilizofuata nilipata habari njema na mbaya. Njema ni kwamba Obbo aliimwagilia ile miti kila asubuhi, akaipalilia, akaizungushia miiba. Mbaya ni kwamba kila mara baadhi yake ilikutwa imeng'olewa, na Obbo akairudishia palepale.

"Ni huyu mama, mjane wa ndugu yangu," Obbo aliniambia nilipokwenda kukagua. "Mama Okoth. Yeye nachukia maendeleo. Mimi namwambia, mama, hii mti ya chuo! Yeye anang'oa."

Nilirudi darasani na kutengeneza somo kutokana na habari hiyo, lenye kichwa "Aina Mbili za Wanajamii". Upande wa kushoto wa ubao nilimweka Obbo, mpokeaji wa mabadiliko. Upande wa kulia nilimweka Mama Okoth, mpinzani wa mabadiliko. Nilieleza sababu za kisaikolojia za upinzani wake, kutoka ile nusu ya kitabu. Hata niliwapeleka wanafunzi Mulanda wampe Obbo mkono wa pongezi. Alituchinjia jogoo mwingine.

Athieno alibaki darasani wenzake walipotoka. Alisimama kando ya ubao, upande wa Mama Okoth.

"Mwalimu, naomba kusema kitu. Usikasirike."

"Sema."

"Kwetu, mtu akipanda miti kwa mstari, watu wakiona, halafu wakala kwake, hiyo si miti. Hiyo ni mpaka."

Nikaweka chaki chini.

Alinieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Marehemu mume wa Mama Okoth na Obbo walikuwa ndugu, na mashamba yao yalipakana pale mteremkoni. Mpaka wa zamani ulikuwa vichaka tu, navyo viliungua. Tangu mazishi ya ndugu yake, Obbo alikuwa akiitamani ile ardhi oevu ya chini, penye nduma. Mama Okoth aliuza nduma hizo sokoni Mulanda, na watoto wake walikuwa shuleni kwa sababu ya nduma hizo. Hakuwa na ardhi nyingine. Mstari wangu, kwa zile hatua chache ambazo Obbo alisogea na kamba, uliliweka karibu shamba lote la nduma upande wa Obbo. Jumapili iliyokuwa ikija ukoo ungeketi pale chemchemini kuuthibitisha.

"Na mimi," nilisema, "nilikula firigisi."

"Mara mbili, Mwalimu."

"Basi twende kesho tuing'oe miti yote."

"Ukiing'oa wewe, Mzee Obbo atasema chuo kimeng'oa mpaka wake, na itakuwa kweli kwamba kulikuwa na mpaka. Mama Okoth ameng'oa, si unaona wanavyomwita. Inatakiwa mtu aseme haukuwahi kuwa mpaka. Na mtu wa kusema ni yule aliyepanda."

"Nitaandika maelezo rasmi. Kwa mhuri wa chuo."

"Usiandike. Ukija na karatasi watakuona mtu mkubwa, na kitu kilichopandwa na mtu mkubwa kina uzito. Tunataka wakuone vile ulivyo."

"Nikoje?"

Alitazama mlango. "Wewe ndiye unanipa maksi, Mwalimu."

"Sahau maksi. Nikoje?"

"Mtu anayependa mistari," alisema. "Basi. Hakuna sababu nyingine. Wakuulize, ujibu kweli tupu. Halafu usieleze."

Nilikwenda kwa Madamu Taaka nikidhani atalichukua jambo mikononi mwake. Alinisikiliza, akacheka mpaka akavua miwani na kuifuta. Kisha akaacha kucheka.

"Yule mama atalala njaa, Barasa."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja, Madamu. Utakwenda wewe?"

"Mimi sikupanda. Athieno ataongoza kikao. Ni mradi wake, na hiki ndicho tunachomfundisha."

"Na mimi nitakuwa nani?"

"Kifaa," alisema. "Kama filimbi. Upulizwe, kisha unyamaze."

Jumapili baada ya ibada watu walikusanyika chemchemini, wamekaa kwenye nyasi, wazee wa ukoo mbele, akina mama upande mmoja. Mwenyekiti wa kijiji alikaa kwenye kiti pekee cha plastiki. Obbo alivaa koti la suti, na nyuma yake vijana wake wanne wamesimama. Mama Okoth alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona, ingawa nilikuwa nimefundisha habari zake kwa saa nzima. Aliketi peke yake pembezoni mwa nduma zake, miguu ameinyoosha, hamtazami mtu.

Athieno alisimama, akasalimu kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, kwa kirefu, akaomba radhi kwa kusimama mbele ya wakubwa. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili nami nielewe, "Mwenyekiti, kabla ya kusema juu ya mpaka, ninaomba aulizwe aliyepanda. Ni mwalimu wangu. Ni huyu."

Akaketi. Sijawahi kuona kikao kikifunguliwa kwa maneno machache hivyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha namna ya kufungua vikao.

"Mwalimu," mwenyekiti alisema, "nani alikuonyesha mpaka ya hawa watu?"

"Hakuna, Mwenyekiti."

"Ulijua iko wapi?"

"Sikujua kama upo."

Manung'uniko yakapita. Obbo akakohoa.

"Sasa ulianzia wapi kupanda?"

"Pale juu, penye lile jiwe."

"Kwa nini pale? Jiwe ni alama?"

Nilijua jibu, na nililiona likija kama lori lisilo na breki. "Niliweka begi langu pale. Palikuwa pakavu."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa akina mama. Mwenyekiti alijikaza.

"Ulianzia kwa begi."

"Ndiyo."

"Na kwa nini miti imekwenda mstari hivi? Wewe ulitaka kugawa nini?"

"Sikutaka kugawa kitu. Mstari ni mzuri kutazama."

Hapo hata wazee waliinama kuficha kicheko. Nilifungua mdomo kuongeza jambo kuhusu nafasi kati ya miche na mwanga wa jua, kwa sababu kulikuwa na sababu za kitaalamu, ninazo mpaka leo. Nikamwona Athieno. Alikuwa ananitazama mimi tu, na alitikisa kichwa kidogo sana. Nikafunga mdomo. Ninawaambia ninyi mliobaki, katika miaka yangu yote ya kufundisha hakuna somo lililonigharimu kama sentensi ile ambayo sikuisema.

Obbo alisimama. "Yeye anasema hivyo leo! Mimi nilichinja kuku. Yeye alikula. Alikula firigisi, watu wa chuo wote naona. Mtu nakula firigisi bila kazi?"

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "ulikula firigisi ya nini?"

"Nilikuwa na njaa."

Mwanamke mmoja mzee alijipiga magotini kwa viganja na kusema jambo kwa Kidhopadhola, na kikao kizima kikavunjika kwa kicheko. Wafula, ambaye bila shaka alikuwapo, alinitafsiria baadaye: "Mpaka wa njaa! Sisi tumekuja kuthibitisha njaa ya mwalimu!" Walicheka mpaka mwenyekiti akashika kiti chake. Mpaka unahitaji nyuso zisizocheka. Ule mstari niliouvuta kwa uangalifu wote ulikuwa ukifutika mbele ya macho yangu, na nilikuwa nimeketi katikati ya kicheko kama mtu anayenyeshewa, nikiomba kisikome mapema.

Hakucheka Obbo, na hakucheka Mama Okoth.

Kicheko kilipopungua, Obbo alisema kwa sauti nyingine, ya chini. "Mimi niko na vijana wanne. Wamefika kuoa. Watalima wapi? Juu ya mawe?"

Hakuna aliyecheka tena. Vijana wanne walitazama viatu vyao.

"Hiyo ni shida ya kweli," mwenyekiti alisema. "Ilete kwa ukoo kama shida. Usiilete kama miti." Aliwageukia wazee, wakanong'ona, wakaitikia mmoja mmoja. "Hii mstari ni ya mwalimu. Sio mpaka ya mtu. Nduma ni ya Mama Okoth, kama ilivyokuwa mzee wake akiwa hai. Sasa chuo, ondoeni mstari yenu."

Athieno alisimama tena. "Mwenyekiti, miti hii tulikubaliana iwe ya maji. Kama watu wanaruhusu, tuihamishe leo, sote tukiwapo. Isiwe mstari. Iwe juu ya chemchemi, pale mtakaposema."

"Nani aseme?"

Yule mwanamke mzee alimnyooshea kidole Mama Okoth. "Yeye nakaa hapa. Yeye najua maji napita wapi."

Mama Okoth aliinuka, akajikung'uta nyasi, akapita kando ya Obbo bila kumtazama, akasimama juu ya jicho la maji. Watu wakachukua majembe. Hata vijana wa Obbo walichimba, baada ya mmoja wao kuanza. Athieno alizunguka akibeba ndoo, akiuliza, akisikiliza, hakuelekeza mtu. Nilitaka kumpa maksi palepale, lakini sikuwa na kalamu, kwa sababu alikuwa ameniambia nisije na kalamu.

Nilichukua mche uliokuwa mkubwa kuliko yote, ule wa kwanza, wa penye begi, ukiwa na donge lake la udongo, nikaupeleka kwa Mama Okoth nikiukumbatia kifuani.

"Huu niuweke wapi, mama?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza, kuanzia kofia hadi viatu. Nilitambua kwamba alikuwa amesikia habari za somo langu.

"Mbali na nduma zangu," alisema.

"Mbali kiasi gani?"

"Wewe rudi nyuma. Mimi nitasema simama."

Nikarudi nyuma mteremkoni, mti kifuani, nikiyapapasa mawe kwa visigino. Watu wakaacha kuchimba wakatazama. Mama Okoth alikunja mikono, na hakuwa na haraka yoyote ya kusema simama.